Mkonongo Halisi wa Kasanzi

Gaspar Lyamba alikuwa na maradhi yasiyo na dawa: alikuwa halisi. Hakuwa na shamba kubwa kuliko wenzake, nyumba yake ilivuja kama za wenzake, na mizinga yake ya nyuki haikujaa asali kuliko ya mtu mwingine. Lakini alikuwa Mkonongo halisi, na habari hiyo aliitangaza kwa kila aliyepita mbele ya uwanja wake, hata kama aliyepita alikuwa anawahi choo.

Katika kijiji cha Kasanzi, upande wa mto Ugalla, yeye aliwagawa watu mafungu mawili tu. Kulikuwa na wenyewe, na kulikuwa na wa kuja. Wenyewe walikuwa Gaspar na yeyote ambaye hakuwa amegombana naye juma hilo. Wa kuja walikuwa Wasukuma na ng'ombe wao, Wafipa na mahindi yao, Waha, Warundi, mwalimu mkuu, mganga wa zahanati, padri, na mke wake mwenyewe. Monika aliolewa kutoka Inyonga, na kwa hesabu za Gaspar mtu yeyote aliyeingia Kasanzi amebeba mzigo kichwani, hata kama mzigo wenyewe ulikuwa wa harusi yake, alikuwa wa kuja. Mama wa watu alimzalia watoto, akamlimia, akamzikia wazazi wake wote wawili, na bado chumvi ikizidi kwenye mboga Gaspar alisukuma bakuli na kusema, "Huko kwenu ndivyo mnavyopika?"

Mahindi yakinyauka, sababu ilikuwa mchanganyiko. Nyuki wakihama, mchanganyiko. Wasichana walipoanza kuvaa suruali na vijana kuimba nyimbo za redioni badala ya kusalimia wakubwa, alitikisa kichwa na kusema yaleyale aliyoyasema siku zote: "Damu ni sawa na asali. Ukiitia maji, inachacha." Hakuna aliyemkumbusha kwamba asali iliyotiwa maji ikachacha ndiyo wanzuki, na kwamba wanzuki ndicho kitu pekee duniani alichokipenda kuliko damu yake.

Uhalisi huo ulikuwa na kazi yake. Kila mwaka, kabla watu hawajaingia porini kutundika mizinga, Gaspar ndiye aliyetambika, kama baba yake alivyotambika kabla yake. Jumapili alipiga magoti kanisani kama Mkatoliki yeyote. Jumatatu alishika kibuyu cha unga wa uwele uliokorogwa kwa maji, akafumba macho, akaita majina ya wazee kwa Kikonongo cha zamani, bila kupumua, sauti ikipanda na kushuka. Maneno hayo alifundishwa na baba yake kwa fimbo tangu hajaota ndevu, na kama ilivyo kwa watu wote waliojifunza kitu kwa fimbo, hakuweza kuanzia katikati wala kuruka neno. Ukimkatiza, anarudi mwanzo.

Kila mzee aliitwa kwa jina lake na kwa njia aliyojia. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya tambiko lao, maana mzimu usipoitwa kwa njia yake hupotea, ukaibukia kambi ya jirani na kuwapelekea wao nyuki. Watu waliinamisha vichwa kwa adabu. Ila ukweli usemwe: hakuna aliyesikiliza. Mtungi wa wanzuki ulikaa pembeni umefunikwa jani, na masikio yote ya Kasanzi yalikuwa kwenye mtungi. Gaspar mwenyewe naye hakusikiliza. Kwake yalikuwa maneno ya kazi, ya kusema haraka ili yaishe.

Sasa, mtu huyu alikuwa na binti, Aneth, mtoto wake wa kwanza, na alimpenda kupita kiasi. Alimpeleka Mpanda mjini akajifunza cherehani kwa fundi mmoja wa mtaa wa Shanwe, na aliporudi alimnunulia mashine ya mkono na kuiweka barazani ili kila mpita njia aione. Aliyeiona kwanza alikuwa Luhende, kijana wa Mzee Masele, Msukuma mwenye boma kusini mwa kijiji. Luhende alileta suruali iliyochanwa na miiba. Ikashonwa. Akaileta tena. Ikashonwa. Ilifika mahali suruali ile ilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa, na Gaspar, aliyekuwa anakaa pale barazani akichonga mfuniko wa mzinga, hakushtuka wala kujiuliza ni miiba ya namna gani hiyo inayochana kwa mstari ulionyooka.

Alishtuka siku Masele alipofika na wazee wawili wa ukoo wake, wamevaa makoti katika jua kali.

"Mwangaluka," Masele alisalimia.

Gaspar alikuwa anaijua salamu hiyo vizuri kama jina lake, maana Kikonongo na Kisukuma havipishani sana. Lakini alijibu kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. "Hamjambo wageni. Karibuni."

"Tumekaribia, mzee. Tumekuja kwa heshima. Kijana wetu anatafuta jiko, na ameliona hapa kwako. Ng'ombe tunao, nawe unajua."

"Ng'ombe zenu nazijua sana," Gaspar alisema. "Zilikula mpunga wangu mwaka juzi. Tatizo sio ng'ombe. Tatizo ni damu."

"Damu ya kijana imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Ni ya kwenu tu. Mimi hapa unaponiona, baba Mkonongo, mama Mkonongo, babu na bibi Wakonongo, mpaka huko chini kabisa. Sisi hatujawahi kuchanganya. Sasa nianze mimi?"

Masele alikuwa mtu mpole, aliyezoea kubishana na madume ya ng'ombe. Hakukasirika. "Basi fikiria, mzee. Sisi tutangoja mpaka mtakapotundika mizinga. Zaidi ya hapo sitaweza. Wajomba zake kule Shinyanga wameshamwonea binti mwingine, na mimi nimewazuia kwa sababu huyu mtoto hali chakula."

Nyuma ya ukuta mfupi wa jikoni Aneth alikuwa anachekecha unga. Gaspar aliona mikono ya binti yake ikisimama ndani ya ungo, akajifanya anatazama kuku.

Wageni walipoondoka, Aneth alikuja na kukaa chini mbele yake. "Baba, mimi sibishani na wewe. Lakini nikimkosa huyu, usinitafutie mwingine. Nitarudi Shanwe nishone mpaka nizeeke."

"Utamsahau."

"Sawa, baba," Aneth alisema, na namna alivyosema ilimchoma Gaspar mpaka mfupa. Maana mtoto huyo hakuwahi kumdanganya, na sasa alikuwa amekubali kwa mdomo tu. Mtu mwingine angelegea. Gaspar aliumia, na kwa kuwa aliumia akawa mgumu zaidi.

Siku chache baadaye mwenyekiti wa kijiji, Makarius, aliitisha mkutano. Makarius alikuwa mtu mwenye sauti nzito na habari nyepesi, lakini safari hii habari ilikuwa na uzito. Wataalamu wa damu walikuwa wanakuja. Walitoka Dar es Salaam na ng'ambo, walishuka na treni Mpanda, na sasa walikuwa wanazunguka vijijini. Wangechukua damu kidogo, wangeipeleka kwenye mashine, na mashine ingesoma asili ya mtu. Ila hawakutaka kila mtu. "Wanataka Wakonongo halisi," Makarius alisema.

Macho yote yakamgeukia Gaspar. Naye aliinuka taratibu, kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi. Kwa muda wote huo alikuwa amesema peke yake, na hatimaye dunia ilikuwa imemsikia, tena mpaka ng'ambo, ikamtumia mashine.

Baadhi ya watu walinong'ona kwamba hao ni mumiani, wanyonya damu. Gaspar aliwatuliza. "Mumiani gani atasumbuka na damu zenu nyie? Ziko kama makande."

Kesho yake akavaa shati la kanisani, akatembea mpaka kwenye boma la Masele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikataa kiti, akakataa maziwa. "Siku ya wataalamu mje wote," alisema. "Na kijana mje naye. Jibu langu la posa mtalipata pale pale, mbele ya watu. Halitatoka kwangu, litatoka kwenye damu yenyewe. Mkisikia ilivyo, nyie wenyewe mtaona aibu kuomba."

"Na damu ikisema vingine?" Masele aliuliza.

Gaspar alicheka kwa mara ya kwanza mwezi huo. "Ikisema vingine, mchukue binti."

Siku ikafika. Gari la wataalamu lilisimama kwenye uwanja wa shule, likatoa meza, sindano, sanduku la barafu, daktari kijana aitwaye Eustace mwenye viatu vinavyong'aa, na mama mmoja wa Kizungu aliyeitwa profesa, mwenye kofia pana na ngozi iliyokwisha kuiva. Daktari alisimama kwenye ngazi ya darasa akaeleza. Walihitaji mtu ambaye babu zake wote wawili na bibi zake wote wawili, upande wa baba na upande wa mama, walikuwa Wakonongo. Akikosekana mmoja tu, damu hiyo haifai kwa utafiti.

"Mnaitakia nini?" mama mmoja aliuliza.

"Tunataka kujua watu wa hapa walikuwaje kabla ya kuchanganyikana."

"Kabla ya lini?"

Daktari Eustace alimtazama profesa. Profesa alirekebisha kofia. "Kabla," daktari alisema, akafungua sanduku.

Mabenchi mawili yaliwekwa, moja la halisi na jingine la watu wa mchanganyiko, maana profesa hakutaka kurudi na sanduku tupu, na alikuwa na utafiti mwingine wa pembeni ambao ungekula masalia. Maswali yakaanza. Makarius alikaa kwa kujiamini kwenye benchi la halisi, akaulizwa, akamtaja bibi yake mzaa mama, aliyekuwa Mpimbwe, akahamishwa. Hilari, fundi baiskeli, alifika vizuri hadi kwa babu wa pili, ambaye ilibidi akiri kwamba alikuja na Wajerumani akibeba masanduku na hakuna aliyejua yalikotoka masanduku wala alikotoka yeye. Akahamishwa. Mzee mwingine aliapa kwamba wote ni Wakonongo, mkewe akakohoa, akahama mwenyewe bila kuambiwa. Benchi la mchanganyiko likajaa mpaka watu wakakalia nyasi. Benchi la halisi likabaki na vumbi lake.

Gaspar alisimama pembeni akitazama anguko hilo kwa furaha isiyofichika. Yote aliyoyasema tangu ujana yalikuwa yanathibitishwa na mtu mwenye digrii. Upande wa pili wa uwanja alikaa Masele na watu wake, Luhende katikati yao ameinamisha uso. Aneth alisimama karibu na mama yake, na hakumtazama mtu.

"Mzee Gaspar Lyamba," daktari aliita.

Angeweza kukaa na kujibu kama wengine. Lakini mtu halisi haulizwiulizwi kama mwizi wa kuku. "Mimi sijibu vipande vipande," alisema. "Wazee wangu huwa nawaita. Leteni unga."

Unga ukaletwa, na maji. Daktari Eustace, ambaye hakukijua Kikonongo, alimwomba Makarius atafsiri neno kwa neno ili asikose kitu. Gaspar akachukua funda, akapuliza kulia na kushoto, akafumba macho, akaanza.

Sauti ilikuwa nzuri, hilo hakuna atakayemnyima. Ilipanda, ikajaa uwanja, na nyuma yake ikafuata sauti ya Makarius ya Kiswahili kikavu, kama punda nyuma ya bwana harusi. Siku hiyo hapakuwa na mtungi. Masikio ya Kasanzi hayakuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Wewe Lyamba, baba wa baba," Makarius alitafsiri, "mwenye meno yaliyochongwa, uliyetoka Umanyema, ukavushwa ziwa na shingo yako imefungwa kamba, ukaikata kamba usiku, ukaingia pori hili. Njoo kwa njia hiyo hiyo."

Watu walitazamana.

"Wewe Minza, mama wa baba, uliyetoka Usukuma nyuma ya msafara wa pembe, mguu wako ukavimba, wenzako wakakuacha njiani hapa na kibuyu kitupu. Njoo kwa njia hiyo hiyo." Kwenye kundi la Masele mtu mmoja alisema "ehee" polepole. Makarius alianza kupunguza mwendo, kama anayetembea gizani karibu na kisima, lakini Gaspar alikuwa hazuiliki. "Wewe Kapele, baba wa mama, mfua chuma, uliyeshuka kutoka Ufipa na nyundo zako begani, ukimkimbia kaka yako. Njoo kwa njia hiyo hiyo. Wewe Inamahoro, mama wa mama, uliyeletwa kutoka Urundi mgongoni mwa mama mwenye njaa, ukalia njia nzima. Njoo..." Makarius alimeza mate. "Kwa njia hiyo hiyo."

Gaspar alipuliza funda la mwisho na kufumbua macho. Alitegemea kuona vichwa vikitikisika. Aliona midomo wazi.

Daktari Eustace alikuwa kijana mwenye adabu, na aliuliza kwa adabu. "Samahani, mzee. Hapo Mkonongo ni yupi?"

Kicheko kilianzia kwenye benchi la mchanganyiko. Hilari alijaribu kukizuia kwa kofia, kikapita pembeni ya kofia, kikawaambukiza wengine mpaka watoto waliokuwa kwenye madirisha ya darasa. Gaspar hakucheka. Alikuwa anarudia maneno yale kimoyomoyo tangu mwanzo, maana kuanzia katikati hakuweza, na safari hii, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa anayasikiliza. Umanyema. Usukuma. Ufipa. Urundi. Alirudia tena, akitumaini kwamba kuna mtu amemruka. Hakuna aliyerukwa, baba yake alimfundisha vizuri.

"Pimeni damu kwanza," alisema. "Maneno ni maneno. Damu itasema."

Profesa alikuwa ameshika mkono wa daktari na kumwambia kitu kwa haraka, uso umemng'aa. Daktari akatafsiri. "Mzee, profesa anafurahi sana. Anasema amezunguka vijiji vingi na hajakutana na mtu aliyechanganyika kama wewe. Anaomba damu yako iwe ya kwanza kabisa." Akaonyesha kwa kidole. "Kwa benchi lile."

Watu wa benchi lile walisogea kumpa nafasi. Hilari alipangusa vumbi kwa kofia yake. Gaspar alikaa, akakunja mkono wa shati la kanisani, akatazama kwingine sindano ilipoingia.

"Kwa hiyo hakuna hata mmoja wa halisi?" daktari aliuliza, amekata tamaa. "Akina mama je?"

Akina mama walimsukuma Monika mbele. Aliulizwa, akajibu bila kupaza sauti. Babu zake wote wawili walizaliwa Inyonga, na bibi zake wote wawili pia, Wakonongo, na makaburi yao yapo hapo hapo, na mama yake huyafagia mpaka leo. Kwao hakuna aliyekwenda popote wala aliyekuja kutoka popote, alisema, ila yeye tu, alipoolewa. Daktari Eustace karibu amkumbatie. Monika akaketi peke yake kwenye lile benchi tupu, mikono juu ya kitenge, na mtu angedhani benchi hilo lilitengenezwa kwa ajili yake.

Profesa alipokuwa anamfunga mpira mkononi, Monika alimwuliza kupitia kwa daktari, "Na yeye mama, babu zake na bibi zake ni wa wapi?"

Profesa alicheka, akataja nchi. Zilikuwa nne, na mbili za mwisho zilikuwa zimepigana vita.

"Mpe pole," Monika alisema. "Naye angekaa lile benchi."

Hapo ndipo Mzee Masele alipoinuka, akavua kofia, akavuka uwanja. Alisimama mbele ya Gaspar, ambaye bado alikuwa amebana pamba kwenye mkono.

"Mzee, ulisema jibu litatoka leo. Tumelisikia. Kumbe bibi yako Minza ni wa kwetu."

Gaspar aliinua uso, na katika kichwa chake kilichokuwa kinazama likapita gogo la kushikilia. "Ehee," alisema haraka. "Ni wa kwenu. Basi sisi ni ndugu. Na ndugu hawaoani, hata nyie mnajua. Posa imekufa."

Luhende aliinuka, akakaa tena. Aneth alimshika mama yake mkono, ule usiotoka damu.

Masele alifikiri bila haraka. "Ni kweli, ndugu hawaoani," alisema. "Usukuma ni mkubwa, mzee, na koo ni nyingi, lakini sitakubishia. Wewe ukisema mbele ya watu hawa kwamba Minza ni wa ukoo wetu na kwamba wewe Gaspar Lyamba ni Msukuma mwenzetu, mimi nitaichukua posa yangu na kwenda. Na wewe utakuwa mdogo wangu. Kesho uje bomani tukuonyeshe zamu yako ya kuchunga. Sema tu."

Gaspar alifungua mdomo. Aliwatazama watu wa benchi lake, wote wanamtazama kwa hamu kubwa. Aliwaza fimbo ya kuchungia na mpunga wa watu. Alimtazama Aneth, na Aneth alikuwa anamtazama kwa macho yale yale ya siku ya ungo, na pale Gaspar aliona wazi kwamba kwa neno moja angeweza kumpoteza mtoto huyu, na neno lenyewe lilikuwa "Msukuma". Alijaribu kulisema. Halikutoka.

"Mimi ni Mkonongo," alisema.

"Basi hatuna undugu," Masele alisema kwa upole. "Posa iko hai."

"Iko hai, lakini nimeikataa! Siwezi kumpa binti wa Kikonongo..."

"Baba Aneth." Monika alikuwa ameinuka kutoka kwenye benchi lake, pamba mkononi. Hakuwahi kumkatiza mumewe mbele ya watu, na labda ndiyo maana Gaspar alinyamaza. "Mkonongo hapa ni mimi. Daktari ameniuliza na nimemjibu, na wote mmesikia. Nimeolewa na mtu wa kuja, nimekaa naye miaka yote hii, nimempikia, nimezaa naye, na sijafa. Aneth naye hatakufa. Mzee Masele, leteni ng'ombe."

Hakuna aliyecheka. Masele alimwinamia Monika kama mtu anavyomwinamia mkubwa wa nyumba, na Luhende alitoka mbio kwenda bomani bila kuaga, suruali yake ya viraka ikipepea.

Harusi ilifanyika wiki ile ile ya kutundika mizinga, kanisani kwanza, kisha nyumbani. Ilibidi Gaspar amwombee binti yake kwa wazee, na alikuwa amejiandaa: angeita majina matupu, aachane na njia. Alifumba macho na unga mdomoni. "Wewe Lyamba, baba wa baba," alianza, akasimama. Akarudi mwanzo. Akasimama tena pale pale, kama mtoto aliyesahau shairi. Uwanja mzima ulimngoja. Safari hii mtungi wa wanzuki ulikuwepo na hakuna aliyeutazama.

"Mwenye meno yaliyochongwa," Monika alimkumbusha kwa sauti ya chini.

Basi akaendelea, hakuwa na namna. Umanyema, kamba shingoni. Na alipofika kwa Minza, mwenye mguu uliovimba, aliyeachwa njiani na kibuyu kitupu, Gaspar alimwona. Alimwona msichana wa umri wa Aneth, amekaa peke yake mahali ambapo hajui jina lake, anasikia sauti za wenzake zikipotea. Kuna watu walimkuta pale, hawakumwuliza bibi zake walikuwa akina nani, wakampa maji. Sauti ya Gaspar ilikatika. Alilia, mbele ya Wasukuma, na hakujifuta. "Njoo kwa njia hiyo hiyo," alisema, na akina mama wa upande wa Masele wakaitikia.

Ingefaa tumwache hapo, analia, amekuwa mtu mwingine. Lakini Gaspar hakuwa mtu wa kukaa bila cheo.

Majibu ya damu hayajaletwa Kasanzi mpaka leo. Hata hivyo mvua za mwaka uliofuata zilipokatika, padri mgeni alipita kwa Gaspar, akakaribishwa barazani pale mashine ya cherehani ilipokuwa zamani, akamsifu kwa kusikia kwamba hii ni familia ya Wakonongo wa asili.

"Wa asili wako wengi, padri," Gaspar alisema, akimjazia kikombe. "Hao ni watu wa kawaida tu. Mimi nimechanganyika. Ziwa, Usukuma, Ufipa, Urundi. Profesa alitoka ng'ambo kunitafuta, akasema vijiji vyote alivyopita hakuna kama mimi. Sasa nina mjukuu, huyo ndiyo usiseme." Alikunywa funda, akapangusa mdomo. "Asali tupu inakinaisha. Bila maji hupati wanzuki."

Monika alitoka jikoni na bakuli la mboga, akaliweka mbele yao. Gaspar alionja, chumvi ilikuwa imezidi kidogo, naye alimsindikiza mkewe kwa macho ya huruma mpaka alipoingia ndani.

"Usimshangae," alimnong'oneza padri. "Masikini, kabila moja tu, pande zote. Lakini ni mtu mwema. Tunamvumilia."